Vizibo vya Mgomba

Asubuhi niliyoondoka nyumbani Kanazi sikuwa na safari. Baba alikuwa amenituma kwa jirani kuazima panga, na nilipofika njia panda nikaona barabara ya Bukoba imekauka vizuri baada ya mvua, nikaifuata. Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Shule niliiacha darasa la tatu, na nilikuwa nimekwisha kufanya kazi nne, hakuna hata moja iliyofika miezi sita: kuchuma kahawa, kubeba mizigo bandarini, kumshikia mbao fundi seremala wa misheni, na kuchunga ng'ombe wa mtu mmoja wa Kaagya ambaye mpaka leo sijui kama aligundua kwamba nimeondoka.

Wenzangu wa chumba cha hadubini, siku ya kuniaga mliniuliza nilianzaje, nami nikawajibu kwa mzaha kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Sasa nina muda. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha, yamo kwenye majalada na hayamfurahishi mtu. Nitawaeleza mwaka wangu wa kwanza, na hasa kosa moja nililolifanya ndani ya mtumbwi, kwa sababu naona bado mnaziba chupa ovyo.

Mchana ule nilijikuta ufukweni Bukoba, mbele ya nyumba ndogo ya bati. Dirishani alikuwepo mzee aliyevaa kaptura ya kaki, ameinamia bomba la shaba kana kwamba analinong'oneza. Nikasogea kutazama.

"Kijana, ondoka hapo," akasema bila kuinua kichwa. "Jua ulilolikinga nalihitaji mimi."

"Unatazama nini, waitu?" nikamwuliza kwa heshima ya Kihaya.

"Maji."

"Maji yana nini?"

"Yana wakazi wengi kuliko Bukoba, na wana adabu zaidi, hawasimami madirishani pa watu." Kisha akainuka, akanitazama kuanzia miguu. "Nawa mikono, uingie."

Huyo alikuwa Ta Zakaria, yaani Mzee Zakaria. Zamani alikuwa mhudumu wa hospitali, akipaka damu za watu kwenye vioo kutafuta vidudu vya malale, mpaka macho yake yakazoea kuona vitu vidogo kuliko macho yangu yalivyozoea kuona ng'ombe. Alinielekeza jicho kwenye bomba. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha nikaona duara la mwanga, na ndani yake vitu vya kijani na vya dhahabu vikikatiza huku na huku, vingine vikizunguka kama pia. Nilikaa pale mpaka jua likahama dirisha. Kesho yake nilirudi, na keshokutwa, na siku ya nne Ta Zakaria akachoka kunifukuza, akanipa ufagio.

Mwenye kazi alikuwa mama mmoja Mwingereza ambaye mji mzima ulimwita Bibi Maji, naye alilijua jina hilo na hakulikasirikia. Alikuwa ameishi pwani miaka kadhaa akichunguza viumbe vya baharini vyenye chembe moja, vile vinavyoogelea kwa mkia mwembamba kama unywele, ambao vitabu vinauita mjeledi. Kiswahili chake alikipata huko, kwa hiyo kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi na Ta Zakaria tulisema Kihaya tukiwa wawili, na Kiswahili Bibi akiingia, na ilipotokea tumepasua kitu tulisema Kihaya hata akiwepo.

Alikuja Bukoba kwa sababu ya swali moja: je, ziwa letu, lililo mbali hivi na chumvi, lina ndugu wa viumbe vile vya bahari? Alikuwa na kitabu kinene chenye michoro ya viumbe vya baharini peke yake. Kila tulichokipata ziwani tulikilinganisha na michoro hiyo, kama mtu anayetafuta sura ya mjomba katika picha ya ukoo wa watu wengine.

Ta Zakaria alinifundisha kwa mkono zaidi kuliko kwa maneno. Wavu wa hariri usiuvute haraka, maji yatarudi nyuma na wakazi wake. Tone liwe dogo. Kiumbe akikimbia mno, gusisha karatasi ya kukaushia wino ukingoni mwa kioo cha kufunikia, maji yapungue, naye atapunguza mbio. Ukitaka kuhesabu vigae vya gamba lake, tia iodini, kisha bonyeza kioo kwa ncha ya sindano taratibu, mpaka gamba liachane kama ganda la karanga. Ukibonyeza kwa hasira utapata uji. Mimi nilitengeneza uji wiki tatu.

Kosa lenyewe lilikuja mwishoni mwa masika. Bibi alinituma ziwani na chupa kumi na mbili na vizibo kumi na viwili vya gome laini, vile vya kutoka Ulaya, akasema niende mbali kadiri watu wa mtumbwi watakavyokubali. Hawakukubali mbali. Walipofika karibu na kisiwa walitaka kugeuza, na mmoja wao akawa anavipima vizibo kwa macho.

"Hivi vinaelea?" akauliza.

"Vinaelea sana."

"Tupe, tufunge kwenye kamba za ndoana. Tutakupeleka mpaka usione nchi kavu."

Mimi sijawahi kukataa kwenda mahali ambapo sijafika. Nikawapa vyote. Kabla hatujaondoka pale kisiwani nikashuka, nikakata vikonyo vya majani ya mgomba, kule chini kabisa ambako jani hulikumbatia shina, nikachonga vizibo kumi na viwili. Kila nyumba ya Kihaya huziba vibuyu vya rubisi kwa mgomba, na pombe haimwagiki. Sikuona kwa nini maji yadai heshima kuliko pombe. Vilikaa vizuri sana. Vilikuwa vimelowa na vimevimba, havikuvuja hata tone.

Siku mbili baadaye, katika chupa ya tano, nilimwona.

Alikuwa wa rangi ya kahawia yenye dhahabu, umbo kama punje ya kahawa iliyoiva, na kiunoni alikuwa na mfereji uliomzunguka kama mshipi. Ndani ya mfereji huo mlikuwa na mjeledi mmoja uliotetemeka, na wa pili ulimfuata nyuma kama kamba ya ng'ombe aliyetoroka. Aliogelea akijizungusha. Ubavuni alikuwa na doa jekundu. Nilimwita Ta Zakaria, naye akatazama, akaenda kumwita Bibi.

Bibi alitazama muda mrefu. Alipoinuka, shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Petro," akasema, "ulimpata wapi?"

"Mbali, Bibi. Nchi kavu haionekani."

"Na chupa zilizibwa kama nilivyosema?"

"Kama ulivyosema, Bibi."

Niliyasema hayo kwa urahisi kabisa. Nilikuwa nimekwisha kuvitupa vizibo vya mgomba jalalani, na sikuona uhusiano wowote. Niliogopa tu kufukuzwa kwa ajili ya vizibo vya Ulaya, maana hii ilikuwa kazi ya kwanza ambayo nilikuwa naamka nikiitaka.

Mwezi mzima ulifuata wa kuhesabu vigae. Bibi alichora, Ta Zakaria alipasua magamba, mimi niliwalea wengine katika sahani za kioo karibu na dirisha. Ndugu yake wa karibu kitabuni alikuwa wa bahari ya chumvi. Walitofautiana kigae kimoja juu ya mshipi na viwili chini. Bibi akaandika maelezo yake kurasa kumi na nne. Akampa jina, na katika jina hilo akaliweka ziwa letu. Akaniambia kwamba kiumbe akishapewa jina na maelezo yake yakachapishwa, watu wa baadaye watalitumia hilo hilo, hata sisi tukifa. Chini ya ukurasa wa mwisho aliandika jina langu, kwamba ndimi niliyekusanya maji. Bahasha ikakaa mezani ikisubiri meli.

Kati ya siku zile za kusubiri, nikiwa natoka Maruku, mvua ilinikuta njiani. Nikaingia kwenye kibanja cha mtu, shamba la migomba, nikakata jani nijikinge. Nilipolivuta, maji yaliyokuwa yamesimama kwenye kwapa la jani yalinimwagikia shingoni, ya baridi, na yalikuwa na rangi ya chai. Mtu mwingine angejifuta. Mimi nilikuwa na kichupa mfukoni, maana wakati ule sikutembea bila kichupa, nikakinga yaliyobaki.

Niliporudi kwenye nyumba ya bati, nilimwona kwenye tone la kwanza. Mshipi, mijeledi miwili, doa jekundu. Nilihesabu vigae mara tatu, nikitamani nikosee. Sikukosea. Hakuwa wa ziwani. Alikuwa ameingia kwenye chupa pamoja na vizibo vyangu.

Nilikaa nimeshika meza. Ta Zakaria akanitazama.

"Umeona jini?"

Nikamweleza yote: mtumbwi, ndoana, vikonyo, na jibu nililompa Bibi. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa, maana alikuwa mtu wa kucheka.

"Meli inakuja lini?" akauliza.

"Jumamosi ijayo."

"Basi una siku tisa za kuwa mwongo, au dakika moja ya kuwa mjinga. Mimi ningechagua ujinga, unapona haraka."

"Atanifukuza, Ta."

"Labda. Panga maneno yako ukiwa njiani, yuko nyuma ya nyumba anaanika nyavu."

Sikupanga chochote. Nilimwambia Bibi kwa mfululizo, kuanzia ndoana mpaka mvua ya Maruku. Aliendelea kuanika nyavu mpaka nilipofika kwenye neno "mgomba". Hapo aliacha.

"Ulinidanganya," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Kizibo hakinikasirishi. Ungeniambia siku ile, ningekwenda mgombani siku ile. Mwezi mzima, Petro. Ningeliambia dunia nzima jambo ambalo si kweli, na jina langu chini yake. Na lako."

Bibi akapangusa mikono. Akaingia ndani, akatazama tone langu, kisha akatutuma mimi na Ta Zakaria tukachukue maji kwenye migomba iliyo karibu. Tulimkuta katika mitatu kati ya kumi. Tulirudi ziwani na vizibo halali, mara mbili, hatukumpata.

Nilidhani jambo limekwisha. Bibi akasema halijaisha, na hapa nawaomba msome polepole, maana somo hili limenilisha kazini miaka yangu yote.

"Kutomwona ziwani leo hakuthibitishi kwamba hayumo," alisema. "Na migomba hii mnayonionyesha iko ufukweni, hata Maruku si mbali na ziwa. Akina mama hupita humo na mitungi, ndege hutoka majini wakatua humo. Huenda alitoka ziwani akapanda mgombani. Huenda wewe umekosea mara ya pili, Petro, ukinisaidia."

"Tufanye nini, Bibi?"

"Tafuta migomba ambayo haijaonja maji ya ziwa. Nenda Muleba, panda juu, mbali na ufuko. Ukimpata huko, nitaandika upya kurasa zote kumi na nne, na utakuwa na kazi ya kunisaidia kuziandika. Usipompata, bahasha itabaki mezani, na wewe utakwenda unakojua." Akanihesabia chupa, akaziba kila moja kwa mkono wake kuonyesha anataka ziwe vipi, akazifungua tena. "Na Petro. Ukikosa, sema umekosa."

Ta Zakaria alinipa hadubini yake ndogo ya safari, ile ya shaba, akaifunga ndani ya blanketi lake mwenyewe. "Ikianguka," akasema, "angukia wewe chini yake."

Nilitembea siku mbili. Nilipita Kanazi bila kusimama, kwa sababu ambazo mnazijua. Siku ya pili lori la kahawa lilinichukua sehemu ya njia, nikakaa juu ya magunia na hadubini mapajani, dereva akiniuliza kila kilima kama mtoto amelala. Nilishuka saa nane mchana, nikapanda mlima mpaka ziwa likapotea nyuma ya miti, kisha nikapanda zaidi, kwa usalama wa hoja.

Mahali pale sikujua mtu. Nilibisha hodi nyumba ya kwanza, wakasema wana msiba. Ya pili walikuwa na wageni wa harusi. Ya tatu alitoka mama wa makamo, rozari shingoni, mikono imejaa udongo. Alijiita Ma Yustina. Mume wake alikuwa amefariki, na kibanja alikilima yeye mwenyewe na dada yake.

"Mwana wa nani?" akauliza.

Nikamtajia baba na ukoo na Kanazi.

"Mlutheri?"

"Ndiyo, Ma."

"Haidhuru, mvua inatunyeshea sote. Unataka nini?"

"Natafuta pa kulala, Ma. Na naomba ruhusa kuchota maji kwenye migomba yako."

"Maji yako kisimani."

"Nataka yale ya kwenye makwapa ya majani."

Aligeuka ndani akaita kwa sauti, "Dada, njoo! Kuna mtu katoka Bukoba kwa miguu kuja kunywa kwapa la mgomba!" Dada yake akaja mbio, akanitazama kwa huruma.

Waliniketisha, wakaniletea kahawa ya kutafuna kama apewavyo mgeni yeyote, nami nikawaeleza kila kitu, hata uongo wangu, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba ukishausema mara moja unakuwa mwepesi. Nikamwuliza kama maji ya ziwa yamewahi kufika kibanjani humo.

"Ziwa?" akasema Ma Yustina. "Mimi ziwa naliona nikienda kwa kaka yangu, Krismasi hadi Krismasi. Migomba hii aliipanda mama mkwe wangu, na hunywa mvua tu. Hata kisima kiko bondeni, nani atapandisha maji mpaka huku akamwagie mgomba?"

Jua lilikuwa bado liko juu ya miti. Niliweka hadubini kwenye kizingiti cha mlango, nikakigeuza kioo chake cha chini mpaka kikaunasa mwanga. Mgomba wa kwanza: viluwiluwi vya mbu na matope. Wa pili: kijani kingi kinachokwenda, hakuna mwenye mshipi. Wa tatu, wa nne, hivyo hivyo. Dada yake alianza kunishauri migomba. "Huo unazaa vibaya, chukua ule." Wa tano haukuwa na maji. Wa sita nikasema nimekosa, nikaliandika neno hilo kwenye daftari kwa herufi kubwa, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Kalamu ilikuwa nzito kama jembe.

"Umebakiza ule wa uani," Ma Yustina akasema. "Mwanangu, usiniache na mgomba mmoja unaonung'unika."

Nilikwenda uani. Jani lilikuwa pana, na kwapani mwake maji yalikuwa ya rangi ya chai. Nilichota, nikaziba chupa kwa kizibo cha Bibi, nikarudi mlangoni, nikadondosha tone, nikafunika, nikainama.

Alipita katikati ya duara akijizungusha, mjeledi wa nyuma ukimfuata. Akapita mwingine. Nilitia iodini, nikabonyeza kwa sindano bila hasira, gamba likaachana, na nikahesabu vigae kwa sauti, kwa Kihaya, mara tatu. Tofauti ile ile: kigae kimoja juu, viwili chini. Ndiye.

"Mbona unahema?" Ma Yustina akauliza.

Nikampisha. Alishika rozari kwa mkono mmoja, akafumba jicho moja, akainamia bomba.

"Huyu anayecheza," akasema, "amekuwa uani kwangu siku zote hizi?"

"Siku zote, Ma. Hata kabla yako."

"Na jina lake?"

"Alikuwa na jina la ziwa. Bibi atalibadilisha."

"Inafaa. Ziwa halijamfanyia lolote." Akatazama tena, kisha akamsukuma dada yake aje atazame, na wakaanza kugombania kizingiti. Mimi niliikata ile karatasi yenye neno la kukosa, nikaandika nyingine: mgomba wa saba, uani, maji ya mvua, kizibo cha gome, nimempata. Dereva wa lori angerudi Bukoba asubuhi; ningempa karatasi na chupa ampelekee Bibi, naye angefika siku nne kabla ya meli. Mimi ningebaki kuhesabu anaishi katika migomba mingapi, maana Bibi angeuliza hilo kabla ya kunisalimu.

"Utakaa siku ngapi?" Ma Yustina aliniuliza, jicho lake bado liko kwenye hadubini.

"Mpaka niimalize migomba yote, Ma."

"Iko mia tatu na zaidi." Akainuka, akafungua mlango wa chumba cha nyuma, akaanza kutoa vikapu vya maharage kupata nafasi ya mkeka. "Ingiza mzigo wako. Kesho tutaanzia ya upande wa juu."